Chupa Nyuma ya Magunia ya Pumba

Wazo, Jumatano, alasiri

Otilia mwanangu, na mama yangu kwa jina,

Barua zote nilizofundishwa kuandika zilianza hivi: mie huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Leo haifai. Bado hujawa mbali. Uko ndani, hatua kumi na tano kutoka hapa nilipo, unapiga pasi nguo zitakazojikunja upya zikifika begini. Hofu na mashaka yote yako huku kwangu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlangoni mwa banda la nguruwe.

Umenichungulia dirishani sasa hivi. "Baba, unaandika nini muda wote huo?"

"Wosia."

"Umeniachia nini?"

"Nguruwe."

"Wabaki hukohuko."

Umecheka, nami nimekiweka kicheko hicho akiba, maana utakapokuwa unasoma hapa sijui kama utakuwa na kingine.

Mambo ya kufunga koti, kula kwa wakati na kutafuta kanisa mama yako ameshayaandika kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma. Siyaongezi. Mie nina jambo moja tu, na nalisema mapema kabla sijaanza kujizungusha kama ninavyojijua. Ile ripoti ya chanjo uliyoibeba, ile utakayowasomea wakubwa wa huko Uholanzi wiki ijayo, ina uongo ndani yake. Hukuuweka wewe, wala Daktari Sanga uliyefanya naye kazi ile. Uongo ni wangu.

Sasa kaa chini. Kama umekaa tayari, simama, halafu ukae tena. Mie nina safari ndefu kidogo.

Unajua baba yako ni mtu wa kushuku. Nilishuku padri aliponibatiza, mama aliniambia nilimng'ata kidole. Nilitoka Mbinga na darasa langu la sita nikaja kubeba mifuko ya saruji hapa Wazo, nikamshuku karani kwa sababu alikuwa anatabasamu. Mama yako nilimshuku miezi minane kabla ya kumposa, nikidhani mwanamke mzuri hivyo kunikubali mie lazima ana kasoro aliyoificha. Kasoro ilikuwepo kweli: hakuwa mwepesi wa kushuku. Angekuwa mwepesi, asingeolewa na mie.

Kushuku kumenisaidia, sitakudanganya. Lakini kuna siku kuliniaibisha, nawe ulikuwepo, ila ulikuwa darasa la tatu na watu wazima tulikufukuza usisikie. Nguruwe watano walianza kuzunguka bandani kama walevi, wakagonga ukuta, wakaanguka wakatapatapa. Hadi jioni wanne walikuwa wamekufa. Mie moja kwa moja nikamtazama jirani. Nani mwingine? Mzee Kondo, Mzaramo wa hapahapa, mtu wa swala tano, ambaye upepo ukigeuka hufunga madirisha na kuniita kafiri mwenye harufu. Nikaenda kwa mjumbe nikasema Kondo amewatilia sumu nguruwe wangu. Watu wakajaa uani. Kondo akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaikung'uta.

"Mjumbe," akasema, "huyu bwana anajua mie hao wanyama wake hata kuwagusa siwezi. Sasa naomba anioneshe. Nimewalisha sumu kwa mkono upi?"

Watu wakaangua kicheko. Bwana mifugo alipofika hakuuliza habari za Kondo kabisa. Aliniuliza wamekula nini. Ndipo nikakumbuka. Asubuhi ile kabla sijaenda msibani, kwa kuwa mie sipendi kitu kipotee, nilimimina horini ndoo nzima ya maji yaliyolowekewa samaki wa chumvi. Na maji ya kunywa hayakuwepo kutwa, bomba lilikuwa limekatwa. Nguruwe walikufa kwa chumvi na kiu. Ndoo ilikuwa yangu, tena hii hii niliyoikalia.

Kondo hakunisemesha mpaka Ramadhani ikaja ikapita. Halafu asubuhi moja akasimama uzioni na kibakuli. "Mzee mwenzangu, kwangu chumvi imekwisha. Unayo, au yote umewapa wale jamaa zako?" Tukacheka mpaka akashika uzio wangu kwa mikono miwili, kisha akakumbuka ni uzio wa nani, akaenda kunawa.

Nilidhani somo limeniingia. Mtu anayeshuku kila upande ana upande mmoja jicho lake lisikofika, nao ni pale alipokalia. Nilijiambia hivyo, nikajiona nimepata akili. Akili yenyewe ilidumu mpaka mlipokuja na buti zenu za njano.

Unaikumbuka siku ya kwanza. Wewe na Daktari Sanga mkaniketisha, ukanieleza kwa heshima zote kuhusu ule ugonjwa wa mabaka mekundu unaotuulia nguruwe masika. Ukasema ule ni bakteria. Ukasema sasa kuna watu wanachukua kirusi, wanaking'oa meno kisiweze kuuma, wanakivisha kipande cha ngozi ya yule bakteria, halafu wanakiingiza kwenye mwili wa nguruwe. Askari wa mwili wanaiona ile ngozi, wanaikariri, na siku bakteria mwenyewe akija wanamjua.

Nikakuuliza, "Yaani mnamtuma mwizi akawafundishe polisi sura ya jambazi?"

Ukasema, "Mwizi aliyeng'olewa meno, baba."

"Na nani alihesabu meno kabla na baada?"

Daktari Sanga akacheka, wewe ukaona haya. Mie sikuwa nachekesha. Neno kirusi bado lilikuwa linanuka mtaani tangu siku za barakoa, halafu binti yangu wa kumzaa ananiletea kirusi nyumbani kwenye kisanduku cha barafu.

Nilikubali kwa sababu ni wewe. Nguruwe ishirini, kumi wapate chanjo, kumi wapate maji ya chumvi tu, na kila mmoja na hereni yake ya namba sikioni. Wenzangu wawili, wa Chamazi na wa Kibamba, nao wakakubali mabanda yao. Mnakuja na chupa mbili, moja ina alama nyekundu, nyingine ya buluu. Nikamvuta Daktari pembeni.

"Daktari, ipi ni dawa?"

"Sijui, mzee."

"Wewe si ndiye daktari?"

"Ndiye. Na sijui."

"Na huyu mwanangu?"

"Naye hajui."

"Sasa anayejua ni nani?"

"Yuko mtu mmoja ofisini. Hatuambii mpaka mwisho."

"Mmemkosea nini?"

"Hatujamkosea. Hatuaminiani, mzee. Mie nikijua ipi ni dawa, jicho langu litaona ninachotamani kuona. Kwa hiyo tumekubaliana kila mtu amshuku mwenzake, na ajishuku yeye mwenyewe."

Oti, nilitamani kumkumbatia yule mama. Miaka yote nimeshuku watu bila cheti, nikatukanwa kwa hilo hadi na wakwe, kumbe wako watu wanakaa mezani, wanaandika taratibu za kutoaminiana, wanapewa shahada. Nikajiona nimefika kwa ndugu zangu. Lakini usiku ule ule nikaligeuza. Nikasema mtu asiyejua anachomchoma nguruwe, nguruwe akigeuka jini atajibu nini? Atasema sijui. Ndiyo maana hajui.

Siku ya tatu baada ya sindano, kumi wakavimba shingoni, nyuma ya sikio, uvimbe kama embe changa. Kumi wengine hawakuvimba. Mlisema uvimbe ni wa kawaida, utapungua. Mie nikasema, aha. Hapo ndipo kilipojificha. Kinaota meno.

Na hili lisikie vizuri, kwa sababu ndilo nililokuwa nalo moyoni, mengine yote ni maneno. Kila jioni uliingia bandani na ile rula yako ya plastiki, ukawa unawashika shingo kwa mikono mitupu kupima uvimbe. Glavu ulikuwa umezitia mfukoni, ukasema zinateleza. Mie nilikuwa nimesimama pale kwenye hori nakutazama vidole. Nilikuwa nakiona kirusi kinapanda kutoka kwa nguruwe kuja kwako, kama sisimizi. Ungeniuliza ningekwambia nawaza bei ya machicha.

Jumatano nikaenda Tegeta, duka la dawa za mifugo. Nikaomba penisilini, ile nzito inayokaa mwilini siku mbili tatu. Muuzaji akauliza nguruwe wangu wanaumwa nini. Nikamwambia wanaumwa daktari. Akanipa na sindano.

Nikawachoma wale kumi waliovimba. Hao tu. Wale wasiovimba niliwaacha, maana hawakuwa na kirusi, ya nini kuwatoboa? Kila Jumatano ulipokuwa chuoni, na kila Jumamosi alfajiri ulipokuwa jumuiya na mama yako. Chupa nikizificha nyuma ya magunia ya pumba. Uvimbe ulipopotea ndipo nilipozidi kuogopa, maana mwizi usiyemwona ni mbaya kuliko yule unayemwona. Nikaendelea. Kila nikichoma naweka msalaba mdogo kwenye kalenda ya parokia, ile iliyotundikwa hapa bandani, nisije nikarudia siku.

Uliiona. Unakumbuka uliniuliza?

"Baba, hii misalaba ya nini?"

"Siku za yule jike letu Diwani kupandwa."

"Mara mbili kwa wiki?"

"Diwani ana wapiga kura wengi."

Ukaziba uso kwa daftari ukatoka nje, na habari ya misalaba ikaishia hapo. Ulizoea mzaha wangu, nami nilijua umezoea. Mzaha wangu mwingi, mwanangu, ni kitambaa nimefunikia kitu. Mtu akikuchekesha saa ambayo ulikuwa unauliza swali, cheka, halafu uliza tena.

Nikifika kwa Diwani kalamu inakuwa nzito. Unajua nilivyompenda yule jike. Mie nguruwe wangu huwapa vyeo ili niwe na mamlaka juu ya wakubwa, lakini Diwani alikuwa na adabu kuliko cheo chake. Alikuwa ananijua kwa mguu, hata nikija pekupeku. Yeye hakuvimba. Nilimkuna mgongo nikamwambia, wewe mama umepata maji, una bahati kuliko wenzako.

Wiki ya sita ugonjwa ukaja, kama unavyozoea kuja mvua zikichanganya na joto. Alfajiri nilimkuta Diwani amelala, anahema, mwili moto. Nikamulika tochi nikaona mabaka mekundu ubavuni, ya pembe nne pembe nne, kama mtu amembandika stempu. Daktari alikuwa ametuagiza tukiona mgonjwa tupige simu saa hiyohiyo aje atibu. Ukapiga. Wakati tunasubiri, mie nilikuwa nimeegemea magunia ya pumba. Nyuma yangu, kwenye urefu wa mkono, kulikuwa na chupa mbili zimejaa. Sikumchoma. Kwa nini nimchome? Ile ilikuwa dawa ya kirusi, na yeye hakuwa na kirusi. Alikufa kabla jua halijapanda. Ulinishika bega ukasema pole baba. Nami nikaipokea hiyo pole.

Wa maji ya chumvi, saba walipata mabaka, watatu wakafa, wanne Daktari akawawahi. Wa uvimbe, hata mmoja hakukohoa. Kule Chamazi na Kibamba ugonjwa haukufika. Kwa hiyo katika mabanda matatu yote, lililosema neno ni langu tu.

Siku ya mwisho ulinisomea ile fomu. Ukafika pale penye maneno, "Dawa nyingine zilizotolewa." Ukainua macho. "Baba, hukuwachoma kitu chochote, eti?"

"Niwachome nini, nimekuwa nesi?"

Ukaandika hakuna. Ukanipa kalamu, nikatia sahihi yangu nzuri, ile yenye mkia.

Hapo na wewe una sehemu yako, ndogo, lakini usiiache mezani watu wengine waile. Ulimshuku Daktari Sanga, akakushuku, mkazifunika chupa rangi, mkamweka mtu ofisini mkamnyima kusema. Ukawashuku nguruwe wote ishirini, ukawatoa damu. Aliyebaki bila kushukiwa alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa analala nao ua mmoja. Ungevuta gunia moja tu la pumba. Najua kwa nini hukuvuta. Mtoto aliyelelewa na mama yako hawezi kumwamkia baba yake shikamoo asubuhi, halafu mchana ampekue. Mie nilijificha ndani ya shikamoo yako, Oti, na palikuwa na nafasi ya kutosha. Huko uendako hawana shikamoo, lakini watakuwa na kitu kingine cha kujifichia. Utawakuta maprofesa. Wapekue kwa adabu.

Mtu wa ofisini akaisoma siri kwa simu, Daktari akaweka sauti ya juu sote tusikie. Namba moja moja. Wote kumi wa chanjo walikuwa wale wa uvimbe. Daktari akanishika mkono. "Mzee, banda lako limetupa jibu." Mama yako akapiga vigelegele hadi Kondo akaja uzioni kuuliza nani ameolewa. Mie nilitabasamu. Sikuwa nimeelewa bado. Naapa, nilikuwa nafurahi kweli, nikidhani nimekiua kirusi chenu na chanjo bado imefanya kazi, sote tumeshinda.

Nilikuja kuelewa baadaye, ripoti ikiwa imeshatumwa Uholanzi, jioni moja kwenye ugali. Ulikuwa unamweleza mama yako kwa nini mnahangaika na chanjo na dawa zipo. Ukasema, "Mama, penisilini haikigusi kirusi, hata umwage debe. Yenyewe inaua bakteria. Huu wa mabaka ndio unaoiogopa kuliko yote. Shida ni kwamba watu wanaichoma ovyo mpaka itakuja kuzoeleka." Mama yako akasema watu wengine hawana akili kabisa. Ukasema, "Hawajui tu, mama."

Tonge nikalirudisha sahanini. Ukanipa maji.

Basi ndiyo hivyo. Nilitaka kukiua kirusi chako, nikakiwekea mlinzi. Wale kumi walikaa wiki zote hizo na dawa ya ugonjwa ule ule mwilini, wenzao hawana. Hivyo leo hakuna ajuaye. Pengine chanjo yako ni nzuri, na ingewalinda hata bila mie. Pengine ni maji yenye uvimbe. Jibu la banda langu lilitoka kwenye duka la Tegeta.

Ningesema usiku ule. Kesho yake ikaja barua ya Uholanzi kwamba wameisoma kazi yako, wanakutaka, miaka mitatu. Mama yako akaipeleka jumuiya, wakaiombea sala ya shukrani, ikazungushwa mkono kwa mkono kama mtoto mchanga. Mie nilikuwa nimekaa benchi la nyuma nawaza, mzee, hapa ukifungua mdomo unamteremsha mtoto kwenye ndege. Nikaufunga. Ulipokuwa ukinipita nyumbani unaimba, nilikuwa natoka nje kwenda kuwaangalia nguruwe. Ukadhani namlilia Diwani.

Jumapili iliyopita nilimwambia Kondo. Sikwenda kwa padri kwa sababu padri angenisamehe haraka. Kondo akawa anachokoa meno.

"Kwa hiyo umemwibia mwanao."

"Nimempa. Si anakwenda?"

"Umempa mali ya wizi, anakwenda nayo kifua mbele."

"Akisema watamrudisha."

"Asiposema, hiyo chanjo itakuja kuuzwa. Watu wataacha dawa, watakaa wakiiamini. Masika ikifika watazika mabanda mazima. Mie nguruwe hawanihusu, usinitazame hivyo. Wanaowafuga ndio wapangaji wangu."

Nikamwambia nitakuandikia. Akasema, "Andika. Lakini wewe nakujua, utajaza mzaha mpaka mtoto asilione jambo." Kwa hiyo, kama umelikosa, rudi juu.

Sasa nakueleza nilichofanya. Ndani ya lile sweta alilolifuma mama yako nimeweka bahasha. Nimeiweka humo kwa kuwa baridi ya huko haitakuacha ufike Jumamosi bila kulivaa. Ndani nitaitia hii barua nikiimaliza, na tayari mna kurasa za kalenda ya parokia zenye misalaba, na mna lebo za chupa sita nilizozibandua kwa maji ya moto nikazigandisha kwenye karatasi ya daftari. Nimeandika namba za hereni za wote kumi, na kiasi nilichomchoma kila mmoja. Sahihi ipo, ile yenye mkia. Hesabu zangu si za chuo, ila za uongo hazimo.

Na nyingine kama hiyo nimeiandika kwa Daktari Sanga. Nimempa Kondo, ataipeleka mwenyewe Jumatatu saa nne asubuhi. Nimeifunga kwa gundi mara mbili, kwani Kondo namjua.

Utasema, baba, kwa nini hukuniachia mie niamue? Kwa sababu nakushuku. Ulikuwa na miaka saba nilipoacha mlango wa banda wazi kwa uzembe wangu, nguruwe wakaingia kwenye bustani ya masista wakala kabichi zote. Mama yako alipouliza ni nani, wewe ulisema ni mie mama, ukapigwa fimbo nne mbele yangu, ukanitazama tu. Nami nikakuacha upigwe. Baadaye nilikununulia biskuti. Mtoto aliyemfichia baba yake akiwa na miaka saba atamfichia tena akiwa mtu mzima, na safari hii pakiti ya biskuti haitatosha. Ungesoma hapa, ungelia kidogo, ungeichana barua, ungesema mzee wa watu nisimwaibishe. Najua. Kwa hiyo nimekufungia mlango huo.

Lakini sikukufungia yote. Unafika Ijumaa. Una Jumamosi, una Jumapili. Ukimpigia Daktari kabla Kondo hajavaa kofia yake ya Jumatatu, wewe ndiye uliyesema, na barua yangu itamkuta kama shahidi wako. Ukikaa kimya, itamkuta kama mshitaki, na jina lako limo. Sijui watakufanya nini. Pengine watakurudisha. Pengine watu waliojifunza kutoaminiana kwa maandishi wanamwamini zaidi mtu aliyejishitaki mwenyewe. Nawashuku hata kwa hilo, siwezi kukuahidi.

Mwambie Daktari kitu kimoja kutoka kwangu. Banda liko wazi. Waje waanze upya na nguruwe wapya, chupa nyekundu na buluu, kirusi kibogoyo na chote. Ila safari hii walete kufuli yao, na funguo wasinipe. Magunia ya pumba wayavute mbali na ukuta. Na yeyote atakayepima uvimbe, avae glavu. Hilo halimo kwenye sayansi yenu, ni sharti langu.

Leo ni Jumatano. Mkono wangu bado saa hizi unatafuta sindano.

Umenichungulia tena. Unasema nije tupime begi kwenye mizani ya nguruwe, kilo zisije zikazidi ukaaibika uwanjani. Mama yako anasema likizidi utoe sweta, unasema hutoi. Nakuja. Ukiniuliza mbona sweta limekuwa gumu mkononi, nitakudanganya, na uongo huo uwe wa mwisho kutoka kwangu kuja kwako.

Ni mie, mfugaji, niliyekuogopea vibaya,

Baba yako